Dakika Kumi za Mama Spana

Mtaa mzima ulimwita Mama Spana. Alikuwa fundi wa viti vya magurudumu, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Siku hiyo aliingia nyumbani mbio, barua mkononi.

"Baba watoto, nimeitwa! Mkutano wa watengenezaji wa viti! Nikazungumze juu ya gurudumu langu!"

Mumewe, mshonaji, aliruka kutoka kwenye cherehani kwa furaha. Gurudumu hilo lilikuwa pana. Halikuzama mchangani kama yale membamba ya kiwandani. Wenye kiwanda wangelikubali, wateja wa Mama Spana wasingekwama tena njiani. Lakini alipewa dakika kumi tu.

Aliandika kurasa kumi na nne. Kisha akamwita jirani yao, mtangazaji mstaafu wa redio, aje amsikilize. Akasimama wima, akasoma: "Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa wakurugenzi, waheshimiwa wenyeviti..."

Jirani akatazama saa. "Mama Spana, dakika nne zimekwisha na gurudumu halijafika. Waheshimiwa umewamaliza?"

"Bado makamu wao, mzee."

Wakacheka mpaka machozi.

"Wasalimie wote kwa sentensi moja," jirani akasema. "Kisha chagua jambo moja unalotaka walikumbuke. Ni lipi?"

"Gurudumu jembamba linazama."

"Anza na hilo. Na karatasi iache. Mteja akija, humweleza vipi?"

"Nashika kitu, namwonyesha."

"Basi shika kitu, mama! Halafu fanya mazoezi kwa sauti, na saa iwepo."

Alifanya mazoezi siku nne. Kwanza dakika kumi na saba, halafu kumi na mbili. Kila alipopitiliza, mumewe aligonga sufuria. Siku ya nne sufuria ilinyamaza, na Mama Spana akapiga vigelegele peke yake.

Siku ya siku ikafika. Alisalimia mara moja tu. Akamwaga mchanga kwenye sinia, akakandamiza gurudumu jembamba. Likazama. Akakandamiza lake. Likabaki juu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na dakika moja ikabaki ya maswali.

Mkuu wa kiwanda akaja mbele. Akapiga magoti na suti yake, akalikandamiza gurudumu kwa mikono miwili. Halikuzama.

"Fundi," akasema, "unaweza kuja lini kuwafundisha watu wangu?"

"Hata kesho!" akajibu Mama Spana.

Na kesho yake akaenda.