Sanduku la Namba Kumi na Saba

SAA 4:10 ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha duka la mawigi la Mansik, mjini Daegu. Wanaume watatu. Vipara viwili na nusu.

"Jokofu la kliniki lipo chumba cha tatu," Mansik alisema. "Tunabeba sanduku moja tu. La Doksu."

"Si tukombe yote?" Gitae, dereva, aliuliza.

"Bwege wewe! Nusu dawa, nusu maji ya chumvi. Hata madaktari hawajui lipi ni lipi. Lakini kichwa cha huyu kimeota. Juzi nimekimulika kwa tochi mwenyewe."

Doksu alipapasa utosi. Nywele zilikuwepo, alizisikia. Miezi sita ya sindano, halafu majaribio ya dawa ya kuotesha nywele yamesitishwa na dawa zinateketezwa leo jioni. Mwezi ujao anamuoa Sunmi. Wanawake watatu walishamkataa kwa kichwa hicho hicho.

"Nusu kwa nusu, kaka?"

"Mdogo wangu, mimi nikutupe wewe?"

SAA 6:42 MCHANA

Wafanyakazi wa kliniki wameenda kula. Barakoa usoni, kofia kichwani. Mansik alivunja kufuli kwa mtaimbo. Doksu akainamia rafu ya chini, kofia ikamdondoka. Akalichomoa sanduku namba kumi na saba, akampa Mansik.

Mlango ukafunguka. Nesi Yonhi, bakuli la tambi mkononi. Miezi sita alikihesabu kichwa hicho kwa lenzi, unywele kwa unywele, kuzunguka kidoti cha wino walichokichanja utosini. Uso hakuuhitaji.

"Kumi na saba?" alisema.

Mansik alimtazama Doksu, kisha sanduku.

"Wewe umeshajulikana. Mimi bado."

Akamsukuma, akatoka mbio. Nje gari likanguruma, likaondoka.

SAA 6:45

Nesi alishabonyeza kengele ya hatari. Doksu alipiga magoti.

"Dada, nakuomba. Limeibwa langu. Nipe lolote. Nina harusi."

"Orodha ya nani alipewa dawa na nani maji ilifunguliwa asubuhi," nesi alisema. "Kumi na saba ni maji. Tangu siku ya kwanza."

"Mbona zimeota?"

"Hazijaota, kaka yangu. Kila mwezi zilipungua. Tulikatazwa kuwaambia."

Hakumwamini. Alipeleka mkono utosini, taratibu, akitafuta. Polisi walipoingia walimkuta bado anapapasa, na ilibidi wamshushe mkono kwa nguvu ndipo wamfunge pingu.