Mizani Iliyofungiwa Ghalani

Kila jioni, baada ya sala ya magharibi, Tima alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kupaka mafuta ya nazi vidole vya dada yake. Mwanasiti alikuwa mbanguaji wa korosho katika karakana moja ya Malindi, na utomvu wa maganda ya korosho huchoma ngozi. Basi dada alinyoosha mikono, Tima akapaka, na porojo zikaanza. Walikuwa wawili tu katika chumba chao mtaani Shela. Mama yao alikwisha kufariki, na baba alikuwa Pate na mke mwingine na watoto wengine.

Muhula wa pili, porojo zilikatika. Jioni moja Mwanasiti alirudi kutoka kazini, akala matonge mawili, akageukia ukutani.

"Dada, lete mikono," Tima alisema.

"Niache. Sitaki kuguswa leo."

Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Tima alianza kuacha kunywa maziwa yake ya shuleni ili amletee dada. Kila asubuhi aliikuta pakiti palepale mezani, haijafunguliwa. Akajiambia kwamba dada amechoka kumlea. Jamani, kukaa peke yako ni kuchungu, lakini kukaa chumba kimoja na umpendaye asiseme nawe kunachoma zaidi. Tima alikuwa mpweke kweli kweli.

Jumamosi moja alimpelekea dada chakula cha mchana. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wameketi mikekani wakigonga korosho, kila mmoja na majivu yake ya kujipaka mikononi. Dada hakuwapo.

"Yuko ghalani, anapimiwa," aliambiwa.

Korosho zilipimwa na msimamizi, Bwana Muhidin, tena ndani ya ghala, mfanyakazi mmoja mmoja, mlango umefungwa. Ati upepo wa bahari huyumbisha mizani! Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi, na hakuna aliyeihoji.

Tima alisubiri mlangoni. Ghafla akasikia sauti ya dada yake: "Niachie, Bwana Muhidin! Nimekwambia sitaki!"

"Basi korosho zako za leo zote mbovu," mwanamume alijibu. "Ukipata akili, zitakuwa nzuri."

Mlango ukafunguka. Mwanasiti alitoka akirekebisha buibui lake, macho mekundu. Muhidin alimwona Tima, akatabasamu kana kwamba hapakuwa na neno.

"Mtoto mwema hasemi mambo ya wakubwa," alisema. "Ukifungua mdomo, dada yako hana kazi, na wewe shule basi. Utarudishwa Pate."

Mwanasiti alimvuta mdogo wake nyuma ya karakana. "Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Yeye hunishikashika, na hunitaka kwa lazima kwa kuwa mizani iko mkononi mwake. Usimwambie mtu, Tima. Watasema mimi ndiye niliyemchekea. Sitara ni bora."

"Wengine wanajua?"

"Hakuna anayejua. Ni mimi tu."

Wiki nzima siri ile ilimkaa Tima kama mwiba wa samaki kooni. Wenzake waliporuka kamba, yeye alikaa kando ya ukuta wa darasa. Akisema, dada atapoteza kazi, naye ataiacha shule. Asiposema, Jumamosi itakuja tena, na mlango wa ghala utafungwa tena.

Alhamisi, bombani, alikutana na Mama Jedida. Huyu alikuwa mtu wa Vitengeni, na ndiye mkubwa wa umri pale karakanani.

"Shikamoo, Mama Jedida."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Na dada yako naye hacheki tena."

Tima aliangalia chini. Alizikumbuka zile pakiti za maziwa mezani. Heri Pate, aliwaza, kuliko dada yangu kuteswa. Akasema yote, huku machozi yakimtoka.

Mama Jedida alitua ndoo yake.

"Hata mimi," alisema. "Mwaka jana. Nilidhani ni mimi tu."

Siku ileile Mama Jedida alipita nyumba kwa nyumba. Wanawake saba walikuwa na neno lilelile mdomoni: nilidhani ni mimi tu! Saba hao walikuwa wakiketi mkeka kwa mkeka, na kila mmoja alijifungia peke yake.

Mwanasiti alipopata habari, alihamaki. "Tima, umenivua nguo mbele za watu!"

"Usimkaripie," Mama Jedida alimkatiza. "Hukuwa peke yako, wengi wetu alitutenda hivyo hivyo. Twende sote kwa Mzee Abdurahman."

Mzee Abdurahman, mwenye karakana, alishtuka. "Muhidin? Mtu wa safu ya mbele msikitini?"

Aliyejibu alikuwa Mwanasiti.

"Msikitini husimama mbele ya watu, Mzee. Ghalani hufunga mlango."

Mzee aliinamisha kichwa. Aliwasikiliza wote, mmoja baada ya mwingine, mkewe akiwa ameketi karibu. Muhidin alipoitwa, alibakia kusimulia habari za upepo. Alifukuzwa kazi, na Mzee mwenyewe akafuatana na wanawake hadi kituo cha polisi kuandikisha maelezo yao.

Wiki iliyofuata wanawake walisuka makuti, wakajenga kiambaza cha kuzuia upepo barazani. Mizani ikatundikwa pale nje, machoni pa wote. Upepo wa kusi ulivuma, na mizani haikuyumba hata kidogo.

Mama Jedida alimwita Tima akaione.

"Sitara ni ya kumfunika aliyedhulumiwa, mwanangu, si ya kumfichia dhalimu," alimwambia. "Aibu ni ya mtenda. Mtu mzima akikuonya usiseme ubaya wake, basi huo ndio wa kusemwa. Mwambie mkubwa unayemwamini. Asipokusikia, mwambie mwingine, mpaka usikilizwe. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Jioni ile, baada ya sala, Mwanasiti alifungua pakiti moja ya maziwa, akayagawa katika vikombe viwili.

"Nilikukasirikia bure," alisema. "Nisamehe, mdogo wangu."

Kisha akanyoosha mikono yote miwili. Vidole vilikuwa vimekauka na kupasuka. Tima alichukua mafuta ya nazi, akaanza na kidole gumba, kama zamani.

"Haya," dada alisema, "nipe porojo za shule."