Njia Iliyopita Surua

Kila akitoka shule, Chiriku aliokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake huku akisimulia yote yaliyotokea darasani. Ndiyo maana akapewa jina hilo. Wiki hiyo, hata hivyo, aliokota kimya. Aliketi, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi.

"Una nini wewe? Umekalia siafu?" mama yake alimuuliza.

"Hamna kitu, mama."

Kitu kilikuwepo. Surua ilikuwa imeingia mtaani, na mtoto mchanga wa jirani yao alikuwa hospitali, akipumua kwa oksijeni. Watu walimnyooshea kidole dereva wa lori aliyeishi mwisho wa barabara, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuvuka mpaka. Binti yake alipokwenda bombani, wanawake walisogeza ndoo zao kando. Darasani alikaa peke yake. Chiriku, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, naye alihama.

Na Chiriku ndiye aliyejua. Kabla surua haijasikika, mama yake mdogo alifika kwa ndege kutoka ng'ambo, macho mekundu, mwili wa moto. Alilala chumba cha nyuma akisema ni uchovu wa safari tu. Vipele vilipomtoka shingoni, alijifunga mtandio, na kesho yake akapanda basi kwenda kwa bibi, nchi jirani.

"Habari za mama mdogo ziishie humu ndani," mama alisema baadaye. "Wateja wakisikia, hakuna atakayeleta nguo hapa."

Muuguzi alipopita kuuliza kama walipata mgeni, mama alijibu hapana. Chiriku alitikisa kichwa kumuunga mkono, na tangu hapo hakutulia.

Siku ya chanjo shuleni, mtaalamu wa maabara alikuja na wauguzi.

"Kirusi kikiingia mwilini hujinakili," aliwaeleza wanafunzi. "Katika kunakili, mara moja moja hukosea. Tuseme ni maandishi: herufi moja hapa, nyingine pale. Mashine yetu husoma herufi hizo zote. Mwalimu akikuta kosa lile lile kwenye madaftari mawili, anajua nini?"

"Wameangaliziana," darasa zima lilijibu na kucheka.

"Basi na sisi tunajua hivyo hivyo. Makosa ya kirusi cha hapa hayafanani na ya kile cha nchi jirani. Yanafanana na ya kirusi kinachosambaa ng'ambo, mbali sana. Kwa hiyo hakikupita mpakani kwa barabara."

Binti wa dereva aliinua kichwa.

"Ila mashine haitupi jina la mtu," mtaalamu aliendelea. "Wala hatutafuti wa kumlaumu. Tunataka kujua alikoelekea aliyekuja nacho, tuwahi kuwachanja watoto wa huko."

Alikoelekea. Chiriku aliwafikiria binamu zake wadogo waliojaa nyumbani kwa bibi, wa mwisho hata kutembea bado. Mtaalamu alipotoka, alimkimbilia.

"Daktari, mama alinikataza kusema, lakini mama mdogo alikuja kwetu kutoka ng'ambo akiwa na vipele," alisema.

Mtaalamu alichutama. "Mgonjwa amekwenda wapi?"

"Kwa bibi. Ng'ambo ya mpaka."

Mtaalamu alipiga simu palepale kwa wenzake wa nchi ile, kisha yeye na Chiriku wakaenda kwenye duka la ushonaji la mama.

"Mtoto huyu ana maneno mengi," mama alisema, mkasi ukiwa hewani. Lakini mtaalamu alipomweleza kwa upole, aliuweka mkasi chini na kumpigia mdogo wake. Kule kwa bibi, mtoto mmoja alikuwa ameanza homa.

Wauguzi wa kule walimtenga mtoto yule wakamtibu, na wenziwe wakachanjwa mapema. Hakuna mwingine aliyeugua. Kirusi cha mtoto yule kiliposomwa, kilitofautiana na cha mtaani kwa herufi moja tu. Mtoto wa jirani naye alitolewa oksijeni, akaanza kunyonya vizuri.

Mama alimshika Chiriku mkono wakaenda kwa dereva. Alimweleza kila kitu akiwa amesimama kizingitini.

"Lori langu limesimama, hakuna anayenipa mzigo," dereva alisema. "Uwaambie na majirani."

"Nitawaambia nyumba kwa nyumba."

Binti yake alimtazama Chiriku. "Na wewe ulihama dawati."

"Nilihama. Nilikosea. Kesho narudi, kama utanikubali."

"Uje na kalamu yako. Mimi sikuazimi tena."

Njiani kurudi, mama alitembea polepole.

"Kuugua si aibu, mwanangu. Mama yako mdogo hakuchagua kuugua. Aibu ni yangu mimi, niliyejua nikanyamaza, nikakufundisha na wewe kunyamaza, huku mtoto wa mwenzangu akipigania pumzi. Siku nyingine mtu akikwambia ufiche ugonjwa, hata akiwa mimi, usimsikilize. Sema."