Mstari Mweupe kwenye Breki

Saa nne asubuhi duka la spea lilikuwa limejaa. Watu walisimama na vyuma vilivyojaa mafuta mikononi, kila mmoja akitaka kinachofanana na chake. Mbele yao alisimama msichana mfupi mwenye ovaroli ya buluu iliyokunjwa miguuni mara mbili, na kitambaa cha zambarau kichwani. Gereji walimwita Namba Kumi, kwa sababu spana namba kumi ni ndogo na ndiyo inayotafutwa kutwa nzima.

"Boliti za breki za mbele," alimwambia muuzaji, akataja aina ya gari. "Mbili."

"Na mimi mbili, za gari hilohilo," ilisema sauti juu ya kichwa chake.

"Imebaki pakiti moja, ina nne," muuzaji alisema. "Na mimi sifungui pakiti. Elewaneni."

Namba Kumi aligeuka. Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikawa na makali.

"Fundi gani anakuja na shati jeupe?"

"Fundi asiyemwagikiwa, dada."

"Basi hujawahi kufanya kazi."

Watu wakacheka. Mwanamume naye alicheka, jambo ambalo Namba Kumi hakulitegemea.

"Haya, mkaguzi, niulize."

"Boliti zako za zamani ziko wapi? Si ungezirudishia tu?"

"Gari la Ulaya? Boliti ya breki ukishaifungua unaitupa. Ukiirudishia, inakudanganya."

"Angalau hilo unalijua," alisema Namba Kumi, akaifungua pakiti kwa meno na kumpa mbili. Hawakuulizana majina.

Jumatatu iliyofuata mwanamume yule aliingia katika gereji ya mjomba wake Namba Kumi, na shati jingine jeupe, akiomba kazi. Alikuwa anajua injini, na mjomba alimchukua. Kabla ya saa sita mafundi walikuwa wameshampa jina la Mapozi.

Gereji ile haikuwa ya kampuni yoyote. Ilikuwa banda refu la mabati nyuma ya kiwanda cha magodoro, na magari ya Ulaya yaliletwa pale na watu waliochoka kusubiri kwingine. Mjomba alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mgeni hagusi breki kwa miezi mitatu. Ya pili ilihusu rangi. Boliti ilifungwa kwa spana ya kipimo, ile inayolia tik chuma kikifika mahali pake, kisha aliyeifunga aliichora mstari kwa rangi yake mwenyewe. Mapozi alipewa njano. Nyeupe ilikuwa ya Namba Kumi.

"Mstari ni neno lako," mjomba alizoea kusema. "Mteja haoni, lakini anaendesha juu yake."

Mwisho wa mwezi uliofuata mjomba alikusudia kumkabidhi mpwa wake funguo za gereji. Mgongo wake ulikuwa umekataa kuinama. Mafundi wote walijua, na wawili hawakufurahi.

Mapozi alifurahi. Wiki ya pili alikuwa akimwekea Namba Kumi maji ya kunawa. Wiki ya nne walikuwa wakila pamoja nyuma ya banda, juu ya tairi moja.

"Sogea, unanibana," alisema Namba Kumi.

"Tairi ni la wawili, mpenzi. Mwenye nyonga ndiye anayembana mwenzake."

"Mwone! Nyonga zangu umeziona saa ngapi, na kutwa uko ndani ya injini?"

"Injini ina upande wa kuchungulia."

Wiki ya saba, siku ya Ijumaa, Namba Kumi alikuwa akifunga breki za mbele za gari la kijivu la mwalimu mmoja wa hesabu. Upande wa kushoto alikuwa ameshamaliza. Saa sita mama yake alipiga simu: kliniki ya macho ilikuwa imemwita, na hakuwa akiona vizuri kiasi cha kwenda peke yake. Namba Kumi alimwambia mjomba kwamba akirudi atamalizia, akaondoka.

Saa tisa hakuwa amerudi, na mwalimu angekuja saa kumi. Mapozi alilitazama gari lile likiwa juu ya jeki. Mjomba alikuwa ofisini. Kama gari halitakuwa tayari, alifikiri, lawama itamwangukia mpenzi wake wiki mbili kabla ya kupewa funguo. Basi akashika spana ya kipimo, akafunga boliti ya juu. Tik. Alikuwa ameikaza ya chini kwa vidole tu pale simu ilipoita.

"Umekula, Mapozi wangu?"

"Nakusubiri wewe. Nikila peke yangu chakula hakishuki."

"Muongo. Nasikia unatafuna."

"Natafuna kwa kukuwaza. Mama anaendeleaje?"

Waliongea dakika nne. Alipokata simu alikuwa anatabasamu. Alichukua rangi nyeupe, akachora mistari miwili, akarudisha gurudumu. Mjomba alidhani mpwa wake amerudi akamalizia; Namba Kumi naye, alipokuta gari limeshachukuliwa, alidhani mjomba ndiye aliyemalizia.

Jumatatu mwalimu alirudi akiendesha polepole, madirisha wazi. Gurudumu la mbele kulia lilikuwa linagonga kok, kok, kok. Mjomba alilifungua mwenyewe. Boliti ya chini ilikuwa imetoka nusu, na juu yake palikuwa na mstari mweupe.

"Nimepakia watoto wangu humu," alisema mwalimu. Hakupaza sauti.

Mjomba alimtazama mpwa wake. "Hii ni rangi ya nani?"

Namba Kumi aliinama, akautazama mstari. Yeye alikuwa wa mkono wa kushoto, na mistari yake yote ililalia upande huo. Huu ulilalia kulia.

"Ni yangu, mjomba," alisema.

Baadaye alimkuta Mapozi stoo.

"Ulichora wewe."

"Nilitaka kukusaidia, mpenzi. Ulikuwa na mama."

"Ungechora njano."

"Mgeni hagusi breki. Mjomba wako angenifukuza."

"Basi ungeacha."

"Na lawama zingekuangukia wewe!"

"Zingekuwa lawama za kuchelewa. Gari likichelewa hakuna anayekufa." Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Umeweka neno langu mahali mkono wangu haukufika. Kamwambie mjomba."

"Nitamwambia."

"Leo."

Hakumwambia siku ile. Alizunguka ofisi mara tatu, na mara ya tatu akajifanya anatafuta bisibisi. Jumanne hakuja kazini. Namba Kumi aliisubiri sauti yake hadi saa nne, kisha akaifuta namba yake kwenye simu. Hakulia. Alikuwa na gari jingine juu ya jeki.

Mwisho wa mwezi mjomba alimwekea funguo mezani. "Chukua, mama," alisema, akatoka. Namba Kumi alidhani ni huruma, na funguo zile zilimuwasha mfukoni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuongeza sheria: kila boliti ya breki iwe na mistari miwili, wa aliyefunga na wa aliyekagua. Yeye alifunga. Mjomba alikagua, akiwa ameketi kwenye stuli, miwani ikimteleza puani.

Wiki ya sita tangu Mapozi aondoke, mwalimu alikuja kubadilisha oili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Yuko wapi yule kijana wenu mrefu?"

"Alikimbia."

"Alikimbia?" Mwalimu alishangaa. "Alikuja shuleni siku ya pili yake, asubuhi na mapema. Akasimama mbele ya walimu wote, shati limepigwa pasi, akasema kosa ni lake, wewe hukuwepo. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema anakwenda kwa mjomba wako, nyumbani, kufukuzwa."

Namba Kumi alimaliza kumwaga oili. Kisha akaenda ofisini.

"Mjomba, Mapozi alikuja kwako?"

"Alikuja. Nikamfukuza."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona uliniambia rangi ni yako?" Mjomba alivua miwani. "Alisema nisimwombee msamaha kwako. Nami nilikuwa na hasira, sikuwa na mpango wa kumwombea."

Namba Kumi alitoka nyuma ya banda, akaketi juu ya tairi, akapiga simu.

"Nilidhani umeifuta namba yangu," alisema Mapozi.

"Niliifuta. Nilikuwa nimeikariri."

Namba Kumi alisogea kidogo juu ya tairi.

"Nina gari juu," aliendelea. "Siku hizi breki tunachora mistari miwili, na macho ya mjomba yamechoka."

"Mgeni hagusi breki."

"Wiki saba ulizofanya na sita ulizokosekana. Miezi mitatu imetimia."

Alifika baada ya saa moja, ovaroli imeloa mafuta ya gereji nyingine, kola nyeupe ikichungulia shingoni. Namba Kumi alimpa spana ya kipimo bila kumsalimia. Mapozi akafunga boliti ya juu. Tik.

"Namba Kumi, nikuulize kitu?"

"Kama ni cha breki, uliza."

"Nataka kuleta watu wangu kwa mama yako."

"Ya chini bado."

Aliishika ya chini. Simu yake ikaita mfukoni. Ikaita tena, kwa muda mrefu, mafundi wakageuka kutazama. Mapozi hakuinua mkono. Tik. Akachora njano mara mbili.

Namba Kumi alichukua spana, akakagua ya juu, akakagua ya chini. Kisha akachora mistari yake myeupe pembeni ya ile ya njano, ikalalia kushoto.

"Jumapili," alisema. "Waje mapema, mama haoni vizuri jioni."

"Nivae nini?"

"Hilo nalo la kuniuliza? Pokea simu yako."