Ndege Inaondoka

"Huyu kuku analalia mayai vizuri?" Ngassa aliuliza, kapu kifuani, soko la Bariadi likimsukuma huku na huku.

Nyanjige akamtazama kijana mwenye buti za tope, akakaza khanga kiunoni. "Analalia. Unataka kumla au kumbembeleza?"

"Nataka alalie mayai ya korongo taji. Kule misheni ya Nkoma ninakofanya kazi, wakulima wanayaokota kwenye majaruba ya mpunga wananiletea, tunayaangua, tunalea vifaranga. Tukizembea korongo watatuishia."

Kuku akamuuzia, moyo akampa bure.

Miezi ikapita kwa simu. Ulikuwa mwaka ule makampuni binafsi yaliporuhusiwa kununua pamba, na mnunuzi mmoja, Constantine, akaleta posa kwa baba yake Nyanjige. Jibu lilitakiwa Jumamosi.

"Korongo wetu wakiruka tu, mpenzi, nakuja kwenu na ng'ombe," Ngassa aliahidi. Ila hakuficha kwamba kampuni moja ya Dar, inayouza ndege wa porini Ulaya, ilikuwa inamwita kazini. Nyanjige akawa hatulii. Mchuzi akautia chumvi mara mbili.

Jumatano akaja Sayi, mwenye duka lenye simu. Kisukuma cha Sayi kitamu, lakini kwenye Kiswahili, kwake kila kitu ni "i".

"Ngassa kapiga. Kasema ndege inaondoka Ijumaa. Simu ikakatika."

Kumbe anapanda ndege kwenda Dar, na kuaga kwenyewe anatuma mtu! Nyanjige alilia, akanuna, akaapa kumkubali Constantine. Ijumaa asubuhi uvumilivu ukamwishia, akapiga simu misheni ya Nkoma.

"Safari njema na ndege yako."

"Safari gani? Mbona huji, Nyanjige? Korongo wote tumewafungulia, nimembakiza aliyelelewa na kuku wako. Kijiji kizima kinakusubiri."

"Sayi alisema ndege inaondoka."

Ngassa akacheka mpaka akakohoa. "Mama, kwa Sayi hata ng'ombe inaondoka."

Nyanjige akadandia lori la pamba, akafika kitenge chake cha njano kimekuwa cha vumbi. Ngassa alikuwa mlangoni mwa banda, wakulima wamemzunguka.

"Sema mwenyewe nisikie," Nyanjige alimwambia, machozi yakimlenga. "Inaondoka au anaondoka?"

Ngassa akafungua mlango. Korongo akatoka taratibu, akakimbia kidogo, akapaa juu ya majaruba.

"Anaondoka. Mimi nabaki." Akamshika mkono, akaongeza kwa Kiswahili cha Sayi, "Na kesho asubuhi, ng'ombe inaingia kwenu."