Mistari Mitatu kwenye Puli

Kila Jumamosi Spana aliamka kabla ya kuitwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, na jina hilo alipewa na mafundi wa magari wa mtaa wao kwa sababu ya mikono yake. Baba yake akinyoosha kiganja kutoka chini ya gari na kusema, "Kumi na mbili," Spana aliingiza mkono kwenye sanduku, akapapasa kidogo, akatoa spana ya kumi na mbili bila hata kutazama.

"Mmemwona huyu?" baba aliwaambia wateja. "Hatazami! Amezaliwa gerejini huyu."

Wateja walicheka na Spana akacheka nao. Hakuna aliyejua kwamba alijifunza kupapasa kwa sababu namba za spana hakuweza kuzisoma mpaka azisogeze karibu na pua. Ulikuwa mwaka mzima sasa tangu vitu vianze kuingia ukungu, vya mbali kwanza, kisha hata vya umbali wa mkono. Darasani alinakili kutoka kwenye daftari la jirani, na asichokinakili alikikisia.

Kwa nini hakusema? Sababu yenyewe ilikuwa ya aibu. Darasani mwao kulikuwa na msichana aliyevaa miwani yenye vioo vinene. Siku ya kwanza alipoingia nayo, mtu mmoja alipaza sauti, "Jamani, Chupa Mbili hiyo inakuja!" Darasa zima likaangua kicheko, na tangu siku hiyo yule msichana hakuwa na jina jingine. Aliyepaza sauti alikuwa Spana.

Mwaka ule baba yake alikuwa ameacha kuajiriwa katika gereji kubwa, akafungua yake. Ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, meza ya kazi, na kibao alichokiandika kwa mkono wake: UMEME WA MAGARI. Kazi ndogondogo zilikuja, taa na honi, lakini mteja wa kumjengea jina alikuwa hajatokea. Ndipo akaja Daktari wa Meno.

Alikuwa mzee mstaafu, mzito wa kusikia, na gari lake lilikuwa la michezo, la milango miwili, lililolala chini kama linataka kunong'oneza barabara. Umri wa gari hilo ulikuwa karibu mara tatu ya umri wa Spana. Kompyuta ya injini iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa imekufa, na kiwanda kilikwisha kuacha kutengeneza nyingine. Njia iliyobaki ilikuwa kufunga kompyuta ya kampuni nyingine, boksi dogo la alumini ambalo fundi analifundisha mwenyewe limwage petroli kiasi gani na lirushe cheche wakati gani.

"Fundi," mzee alisema, "nina marafiki saba wenye magari ya kizee kama hili, na yote yana ugonjwa huuhuu. Wananitazama mimi kwanza. Langu likipona, nitakuletea yao moja moja."

Alipoondoka, baba alimgeukia binti yake. "Umesikia, mama? Hili likikubali, kibao chetu kimesimama. Likikataa, narudi kuajiriwa."

Walifanya kazi majuma matatu. Baba alizifuata nyaya za zamani mmoja baada ya mwingine na kuziunga kwenye boksi jipya, Spana akimshikia tochi na kumpa mkasi na utepe. Jumamosi ya tatu injini iliwaka kwa mara ya kwanza, ikakohoa, kisha ikatulia na kunguruma. Baba alicheza hatua mbili tatu katikati ya gereji.

"Bado taimingi, wakati wa cheche," akasema akihema. "Sikiliza, Spana. Kompyuta haina macho. Nimeiambia irushe cheche kwenye digrii kumi, nayo inadhani inarusha kwenye kumi. Ukweli uko pale."

Alionyesha puli, gurudumu kubwa la mkanda lililo mbele ya injini. Alikuwa ameichora mistari mitatu myembamba ya rangi nyeupe, na kando ya kila mmoja akaandika namba yake: sifuri, kumi, ishirini. Taa ya taimingi humulika kila cheche inaporuka, na puli inayozunguka huonekana kana kwamba imesimama. Mstari unaoelekeana na kidole cha chuma kilichofungwa kwenye injini ndio jibu.

"Ukiona namba nyingine, nasahihisha kompyuta. Namba ikizidi, cheche inawahi mno, na injini inajipiga yenyewe nyundo mpaka pistoni itoboke."

Baba aliketi kwenye kiti cha dereva, kompyuta mpakato magotini. Daktari wa Meno alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa yake, kwa maana marafiki zake walikuwa wanamsubiri juu mlimani. Spana alichuchumaa, akaielekeza taa. Feni ilikuwa inazunguka, hivyo hakuweza kusogeza uso. Kitu cheupe kilitetemeka ndani ya ukungu. Kilikuwa kimoja, au viwili.

"Ngapi?" baba aliuliza.

"Kumi."

"Umeona vizuri?"

"Ndiyo, baba."

"Spana. Umeona, au unakisia?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Alifumba macho, akaona vioo vinene, akasikia darasa zima likicheka.

"Nimeona, baba. Kumi kamili."

"Huyo ndiye binti yangu," baba akasema, na akafunika kompyuta mpakato.

Mzee aliondoka akipunga mkono dirishani. Gari lilikwenda kama jipya, na baba alisimama barabarani akilisikiliza mpaka sauti ikapotea. Haikupita saa moja simu ikalia. Jioni gari lilirudi likiwa mgongoni mwa gari la kuvuta. Mlimani injini ilikuwa imegonga na kugonga, na mzee, kwa uzito wa masikio yake, hakusikia kitu mpaka moshi ulipojaa kioo cha nyuma. Baba alifungua plagi ya tatu, akaigeuza kwenye mwanga. Ncha yake ilikuwa imerukiwa na chembe za alumini ya pistoni. Pistoni ilikuwa imetoboka.

"Boksi bovu," mzee aliuliza, "au fundi mbovu?"

"Sijui bado, mzee wangu. Lakini limeharibika mikononi mwangu."

"Marafiki zangu wote saba walisimama wakinitazama nikivutwa," mzee akasema.

Siku mbili baba alikagua waya mmoja mmoja. Aliongea peke yake. Spana alimpelekea chai, akaikuta baadaye imepoa na utando juu. Siku ya tatu baba alimwita mezani.

"Nyaya ziko sawa. Taimingi tulipima. Basi boksi ndilo bovu, nao waliotuuzia lazima walijibie. Niandikie barua, mwandiko wako unasomeka kuliko wangu."

Spana aliinama juu ya karatasi.

"Andika: boksi lenu ni bovu, na limetoboa pistoni ya mteja wangu. Umeandika? Andika: nyaya zote nimezikagua mara mbili. Haya. Andika: taimingi ilipimwa kwa taa, na msomaji akaona kumi kamili."

Kalamu ilisimama.

"Wino umekwisha?"

"Hakuona, baba."

"Nani hakuona?"

"Msomaji."

Baba alianza kucheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Alimshika mkono, akamsimamisha mlangoni.

"Nisomee bango la duka lile la ng'ambo."

"Bango lipi, baba?"

Bango lilikuwa jekundu, refu kama kitanda. Baba alilitazama, akamtazama binti yake, akarudi mezani na kuichana barua vipande vinne.

"Nimekuuliza mara ngapi siku ile?"

"Mara tatu."

"Mara tatu. Na leo nilikuwa nawasingizia watu kwa maandishi." Alivikusanya vile vipande. "Mimi pia nilitakiwa nishuke nitazame mwenyewe. Nilikuwa na haraka ya kumpendeza mzee. Hilo ni langu, nitalibeba. Lako utalibeba mwenyewe. Vaa viatu."

Walimkuta Daktari wa Meno ameketi nje ya nyumba yake, na majirani wawili wakicheza karata karibu. Spana alisema kwa sauti ndogo kwamba hakuona mistari, kwamba alidanganya. Mzee aliweka mkono sikioni. "Sijasikia. Sema tena." Ikambidi aseme tena, kwa sauti kubwa, na karata zikasimama mikononi mwa wale majirani.

Mzee alimtazama kwa muda mrefu.

"Mimi ni kiziwi nusu," akasema. "Kila siku naaibika kuwaambia watu hawa warudie maneno. Lakini nisiposikia nasema sijasikia. Wewe ulishindwa nini?"



Kesho yake baba alimpeleka kwenye kliniki ya macho. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Alipovaa miwani na kutoka nje aliona majani ya miti, moja moja, akalia.

Shuleni aliketi karibu na yule msichana. "Nisamehe kwa lile jina," alisema.

"Sasa unanisemesha kwa sababu unayo na wewe," msichana alijibu bila kuinua kichwa. "Ungekuwa huna, ungeniomba msamaha?" Akasogeza daftari lake upande wa pili.

Baba aliitafuta pistoni kwa mwezi mzima, akaipata kwenye injini chakavu. Wakati huo alikuwa amekwisha kurudi gereji kubwa, anapangiwa zamu na vijana aliowafundisha yeye. Marafiki saba wa mzee hakuja hata mmoja. Kibao cha UMEME WA MAGARI kilishushwa, kikawa rafu ya makopo ya rangi.

Jumamosi injini ya gari la mzee ilipofufuka katika chumba kile kile, baba aliketi tena na kompyuta magotini, na Spana akachuchumaa na taa. Mistari mitatu ilisimama mbele yake, myembamba kama uzi, na namba zake zikisomeka zote.

"Ishirini, baba. Iko kwenye ishirini."

Baba alivuta pumzi. Kumbe ndivyo ilivyokuwa siku ile. Alibonyeza, akasahihisha. "Sasa?"

"Kumi. Nimeona."

Baba aliweka kompyuta pembeni, akafungua mlango, akashuka. Alinyoosha mkono aombe taa.

"Huniamini, baba?"

"Najua leo umesema kweli," baba alijibu taratibu. "Macho mabaya hayakuniharibia kitu, mwanangu. Tungeyatibu asubuhi moja. Kilichoniharibia ni kusema umeona wakati hukuona. Miwani imerudisha macho yako. Neno lako halina kliniki, ni wewe wa kulirudisha, kidogo kidogo, kila utakaponisomea taa. Siku moja sitashuka kutazama. Lakini si leo."

Spana alimpa taa, akasogea pembeni. Baba akachuchumaa pale pale alipokuwa yeye, akatazama mwenyewe.