Kitambaa cha Kompyuta

Kila asubuhi, akishafungua ofisi yao ndogo ya uchapaji, mpiga chapa aliiamkia kompyuta yake. "Umeamkaje, kipenzi?" Halafu alikinyoosha kitambaa chenye maua mekundu, alichokifuma kwa mkono wake, kilichoifunika mashine juu, mgongoni na ubavuni.

"Mimi hata soksi sijafumiwa," mumewe alinung'unika kutoka kwenye fotokopi.

Siku hiyo alikuja mkunga mstaafu. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Kwa hiyo kitabu chake cha ushauri kwa wazazi wapya alikisema kwa mdomo, na mpiga chapa akakiandika kwenye kompyuta. Walikuwa wamefika sura ya mwisho. Ghafla kompyuta ikanguruma, ikazimika. Wakaiwasha, ikazimika tena.

"Kitabu changu kiko wapi?" mkunga aliuliza.

"Kimo humu, bibi."

"Humu tu?"

Nakala nyingine haikuwepo popote. Mpiga chapa aliogopa sana.

"Mwite dada yangu," mumewe alisema.

Dada huyo alikuwa fundi wa kompyuta, tena hodari. Lakini ni wifi, na ulimi wake ulikuwa wembe. Mpiga chapa alijua atachekwa. Akamtazama bibi wa watu aliyekaa na mkoba mapajani. Akapiga simu.

Wifi alifika na vifaa vyake. "Jamani, wifi yangu! Joto lote hili, na wewe umeivika sweta?"

Mume alicheka mpaka akashika mbavu.

Kazi ilipoanza, mzaha uliisha. Wifi alizima umeme ukutani, akachomoa waya, akaondoa kitambaa, akafungua ubavu wa mashine. Feni ilikuwa imejaa vumbi. Aliizuia kwa kidole isizunguke, akapuliza vumbi kwa pampu ndogo, akapitisha brashi laini pembeni. Hakuwa na haraka, wala hakulazimisha kitu. Mpiga chapa aliitazama mikono ile, roho ikamtulia. Miaka yote alikuwa anaujua ulimi tu wa mwanamke huyu.

"Mashine inapumua kwa matundu haya," wifi alieleza. "Ukiyaziba inapata joto, halafu inajizima ili isiungue."

Akaiwasha. Kitabu kilikuwepo, sura zote. Mkunga alimshika wifi mkono, asiuachie.

"Msishangilie bado. Flashi zinazochomekwa humu ni za nani?"

"Za wateja wote," mume alijibu.

"Bila kuzipima virusi? Pimeni kila flashi kabla ya kuifungua, hata ikiwa yangu. Na huu ujumbe wa kusasisha programu?"

"Huwa nabonyeza 'baadaye'," mpiga chapa alisema.

"Baadaye ya lini, wifi? Wezi wa mtandaoni wanapita kwenye mianya ya programu za zamani. Haya, neno lenu la siri mnalificha wapi?"

Mume na mke wakautazama ukuta. Lilikuwa limebandikwa pale, kwa herufi kubwa.

"Hiyo ni siri au tangazo?"

Mkunga naye akacheka. "Mwanangu huyu anasema kweli. Hata mjamzito haji kliniki siku ya uchungu tu."

Mwisho wifi alinakili kitabu kwenye diski ndogo. "Hii ikae nyumbani. Mwizi akija hapa, asiondoke na vyote."

Tangu hapo, kila Ijumaa mume alifuta vumbi na kukagua feni. Mke alisasisha programu, akanakili kazi za wiki, akaondoka na diski kwenye mkoba wake. Neno jipya la siri halikuandikwa ukutani.

Miezi ilipita, mkunga akizidi kuongeza sura kabla ya kitabu kuchapwa. Radi ikapiga, na kompyuta ikaungua kabisa. Asubuhi mkunga alisikia habari, akaja mbio, amesahau hata miwani.

"Kaa, bibi," mpiga chapa alimwambia. "Kitabu kiko nyumbani kwangu, salama."

Walikichapa kwa kompyuta ya wifi. Jioni mpiga chapa alimkabidhi wifi kifurushi. Ndani mlikuwa na kile kitambaa cha maua mekundu, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Tandika mezani kwako," alisema. "Lakini kompyuta yako usiivike, wifi. Itaungua."

Wifi aliangua kicheko. Akamkumbatia.